Mpamba-mwitu wa Garissa: Mti wa Maziwa Yasiyonyweka

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Garissa hupita Malindi, Garsen, Hola na Bura, akiufuata Mto Tana kwa upande wa magharibi mpaka Madogo, kisha huvuka daraja akaingia mjini. Kiangazi kinapokaza, macho yake huzoea rangi mbili tu: ya vumbi na ya miiba iliyokauka. Katikati ya ukavu huo, pembeni mwa barabara na nyuma ya maboma, husimama kichaka chenye majani mapana ya kijani iliyofifia, kana kwamba mtu hukinyweshea maji kila jioni. Mbuzi humpita karibu asikiguse. Watoto hukivunja matawi wakicheza. Watu wazima hukipita kama wapitavyo jiwe.

Wasomali wa Garissa hukiita boc. Kwa Kiswahili chaitwa mpamba-mwitu, na wataalamu wa mimea hukiita Calotropis procera. Waarabu wakijua tangu kale kwa jina la ushari, na ndugu zetu wa Oman na Imarati hukiita ashkhari. Ndugu msomaji, ukipita Wajir, Mandera, Turkana au Baringo utakiona vilevile, kwani hukaa popote penye mchanga, jua kali na mvua haba. Lakini hakipendi kila mahali. Penye nyasi nzima na miti iliyotulia hukioni sana. Hujaa pale ardhi ilipochoka kwa kukanyagwa na mifugo, kando ya njia, kwenye laga, na kwenye viwanja vilivyoachwa. Wafugaji wazee wakiona boc wengi mahali, hujua kwamba malisho ya hapo yamekwisha zamani.

Kimo chake huwa cha mtu mzima au mara mbili zaidi. Gome la shina ni laini na lenye mipasuko, ukilibonyeza labonyea. Maua yake ni meupe yenye ncha za zambarau, mazuri kwa kweli, na nyuki bungu wakubwa weusi huyapenda. Tunda lafanana na embe bichi. Ukilitazama utadhani limejaa nyama, ukilibana lapasuka kwa mlio, na ndani hupati ila hewa, mbegu na nyuzi nyeupe laini. Kwa ajili hiyo Wazungu waliliita tufaha la Sodoma, na mwanahistoria Josephus, aliyeandika karibu miaka 1,900 iliyopita, alitaja matunda ya ng'ambo ile ya Bahari ya Lut ambayo yakichumwa hugeuka moshi na majivu.

Ukikata jani au tawi, papo hapo hutoka utomvu mweupe mzito kama maziwa. Hapo ndipo penye neno nililokusudia kuwaambia akina mama kabla ya mengine yote.

Miaka kadhaa nyuma nilikaa siku chache Garissa kwa jamaa wa upande wa mume wangu. Nyumbani palikuwa na mtoto wa miaka saba hivi, msichana mchangamfu, ambaye na wenziwe walikuwa wakicheza mchezo wa kuuza maziwa. Walivunja matawi ya boc nyuma ya ua na kukinga utomvu katika vifuniko vya chupa. Adhuhuri ile alijifikicha jicho la kulia. Hakulia. Hakusema kitu. Alikula, akalala, akaamka. Baada ya swala ya Isha akamwambia mama yake kwamba taa ina duara la rangi pembeni mwake. Tukacheka, tukasema ni maneno ya kitoto. Asubuhi jicho lilikuwa jekundu kidogo, na alipofunikwa jicho zima akaambiwa ahesabu vidole vya mkono, aliona ukungu mtupu.

Mama yake alisita kwenda hospitali kwa sababu moja tu: mtoto hana maumivu. Na hiyo ndiyo hila ya utomvu huu. Madaktari wa macho wa India, ambako mimea ya jamii hii ni mingi na majani na maua yake huchumwa kwa ibada za Kihindu, wameeleza wagonjwa wengi wa namna hiyo: macho huona ukungu, kioo cha jicho huvimba, na maumivu huwa kidogo au hayapo kabisa. Utomvu hutia ganzi juu huku ukipenya ndani na kuzidhuru seli za nyuma ya kioo cha jicho, zile zinazokifanya kibaki kikavu na angavu. Anayetibiwa mapema aghalabu hurudiwa na uoni wake baada ya siku au wiki kadhaa. Anayechelewa huenda akabaki na kovu la kudumu.

Kwa hiyo mtoto akiingiwa na utomvu wa boc jichoni, msingoje alie. Mlazeni ubavu, jicho lililoingiwa liwe chini, mfungueni kope kwa vidole safi, na mmwagieni maji safi taratibu kwa muda usiopungua robo saa; birika la udhu latosha kwa kazi hiyo, mkilijaza tena na tena. Kisha nendeni hospitali siku ile ile, mkamwambie daktari jina la mti. Msitie maziwa ya mama, wala asali, wala chai ya rangi, wala dawa ya macho iliyobaki kabatini tangu mwaka jana. Najua maziwa ya mama ni dawa ya nyumba nyingi, nami nililelewa hivyo, lakini hapa hayana kazi. Yule msichana alipona. Alitumia matone ya hospitali karibu mwezi mzima, na mama yake hakucheka tena kuhusu taa.

Jambo la pili lahusu dawa. Utomvu huu hupakwa juu ya chunjua, hutiwa katika jino bovu, majani yake hupashwa moto na kubandikwa penye viungo vinavyouma, na gome la mzizi hupondwa kwa maradhi mbalimbali. Mambo haya yapo Somalia, Sudan, India na Afrika Magharibi, na si yote ni uzushi; majani ya moto juu ya goti lenye maumivu yamewaliwaza wazee wengi. Lakini ndani ya mti huu mna sumu za moyo, za jamii moja na zile zilizomo katika miti ambayo wawindaji wa Afrika waliitumia kupaka mishale. Hupunguza au kuvuruga mapigo ya moyo, na mpaka wa dozi yake haujulikani kwa kijiko wala kwa kiganja. Ukiupaka utomvu kwenye ngozi mara kwa mara, waweza kuunguza na kuacha baka. Ukinywewa, huchoma koo na tumbo, huleta matapishi na huenda ukaua.

Tena pana jambo linalosemwa kwa minong'ono, nami nitalisema kwa sauti kwa kuwa gazeti hili husomwa na mama na binti zake pamoja. Katika nchi kadhaa utomvu na vijiti vya mti huu vimetumiwa kutoa mimba, na wanawake wamekufa kwa sababu hiyo. Mwanamke mjamzito asiunywe, asiutie mwilini, wala asipewe na mtu yeyote kwa jina la kusafisha tumbo. Hukumu ya tendo lenyewe masheikh wetu wamekwisha kuieleza. Mimi naongelea uhai wa binti aliye mbele yako.

Baada ya kusema hayo, yafaa pia kuuliza: je, mti huu hauna kheri yoyote? Waarabu wa zama za Jahiliya waliupa kazi ya ajabu. Mvua ilipokatika, walikuwa wakifunga matawi ya ushari na ya mti mwingine uitwao sala' kwenye mikia ya ng'ombe, wakawapandisha mlimani, na kuwasha moto matawi yale, wakidhani kwamba umeme na ngurumo vitafuata. Al-Jahiz ameyataja katika kitabu chake cha wanyama. Uislamu ukaleta swala ya istisqaa mahali pa mkia unaowaka, na Garissa, ambayo kwa mwaka hupata takriban milimita 300 tu za mvua, yaijua vyema swala hiyo. Yasimuliwa pia kwamba Ibn Sina alitaja sukari ya ushari, utamu unaoganda juu ya mti huo. Huko Ghuba mabedui walichoma mbao zake wakapata makaa mepesi ya kutengenezea baruti. Hayo ni ya zamani. Lililo karibu zaidi na jikoni letu latoka Afrika Magharibi.

Huko Benin na Nigeria, wanawake wa Kifulani, wafugaji na Waislamu kama walivyo watu wa Garissa, hutengeneza jibini kwa kutumia mti huu huu. Benin huiita wagashi, Nigeria huiita wara. Mwanamke huchukua majani machache na vijiti vichanga, huvitwanga, huvichanganya na maziwa kidogo ya uvuguvugu, kisha huchuja kwa kitambaa. Maji yale yaliyochujwa huyamimina katika sufuria ya maziwa ya ng'ombe yaliyokwisha kupata moto lakini hayajachemka. Huongeza moto polepole. Maziwa huanza kukatika, mabonge meupe huelea, maji ya kijani-manjano hutengana. Huyachemsha, huyaopoa, huyatia katika vikapu vidogo yachuruzike, na baada ya saa chache ana jibini imara ambayo yaweza kukatwa vipande na kukaangwa mafutani, isiyeyuke. Sokoni huliwa mahali pa nyama au samaki.

Kinachogandisha ni vimeng'enya vilivyomo ndani ya utomvu, ambavyo hukata protini ya maziwa kama kifanyavyo kigandishi kitokacho tumboni mwa ndama. Na hapa mama wa Kiislamu ana sababu ya kusikiliza kwa makini. Baadhi ya jibini za dukani hugandishwa kwa infaha, yaani hicho kigandishi cha tumbo la mnyama anyonyaye. Katika madhehebu ya Imam Shafi'i, ambayo ndiyo ya wengi wetu Pwani na Kaskazini Mashariki, infaha ya mnyama aliyechinjwa kisheria naye hajala ila maziwa ni safi, ama ya mzoga ni najisi. Imam Abu Hanifa akaona vinginevyo. Mama anayesimama mbele ya friji ya duka kubwa hawezi kujua ndama yule alikufa vipi. Jibini iliyogandishwa kwa mti haina swali hilo.

Sasa tazama Garissa. Mvua inaponyesha na malisho yakachipua, maziwa huwa mengi kuliko walaji. Maziwa ya asubuhi hufika sokoni yakiwa yamepigwa na jua, na ifikapo alasiri yamechacha. Wanawake ndio wenye biashara hii, wao ndio hubeba mitungi, wao ndio hupata hasara. Wana hekima zao za kuhifadhi: husukasuka maziwa wakapata samli, yaani subag, huchachusha ya ngamia yakawa susaac, huvifukiza vyombo kwa moshi wa magogo maalumu ili maziwa yakae. Jibini haimo katika orodha hiyo. Mimi sijakutana na mwanamke wa Garissa agandishaye maziwa kwa boc, ingawa mti uko hatua ishirini kutoka mlangoni mwake, na wenziwe wa upande mwingine wa Afrika wamelishia watoto wao kwa huo huo.

Nasema hivi bila kumtuma mtu jikoni kesho asubuhi. Kuna vizuizi viwili. Kwanza, maziwa ya ngamia, ambayo ndiyo fahari ya Wasomali, hayagandi kirahisi kwa kuwa protini zake zimepangika tofauti na za ng'ombe. Atakayejaribu aanze na ya ng'ombe au mbuzi. Pili, na ndilo kubwa, mti ule ule wenye kimeng'enya ndio wenye sumu. Mwanamke wa Kifulani amefundishwa na mamake ni majani mangapi kwa sufuria ipi, na ladha chungu humwambia alipozidisha. Elimu hiyo haihamishwi kwa karatasi. Palepale mjini pana Chuo Kikuu cha Garissa, na serikali ya kaunti ina maofisa wa mifugo. Kazi ya kupima ni kiasi gani cha sumu hubaki katika jibini hiyo ndiyo iwafaayo, kabla ya mtu kuuza hata kipande kimoja. Pesa nyingi zimetumika Kaskazini Mashariki kwa mambo yenye faida ndogo kuliko hiyo.

Faida nyingine haina shaka wala haihitaji maabara: nyuzi za tunda. Watu wa Pwani wanaujua usufi, ule wa mti wa msufi unaojazwa mitoni na magodoro. Nyuzi za mpamba-mwitu ni ndugu yake wa jangwani. Ni nyepesi mno, tupu ndani kama mrija, zimepakwa nta ya asili, hazinyonyi maji upesi. Mmea mwingine wa ukoo huu uliwahi kupata heshima vitani: mwaka 1944, Marekani ilipokosa usufi kwa kuwa Wajapani walikuwa wameshika kisiwa cha Java, watoto wa shule walitumwa mashambani kuokota matunda ya mmea huo wa kwao, na nyuzi zake zikajazwa katika jaketi za kuokolea mabaharia. Siku hizi huko Auroville, India, kampuni ya Faborg huchukua nyuzi za mpamba-mwitu wa kule, aina iliyo kubwa kuliko ya kwetu, na kuzichanganya na pamba kufuma kitambaa. Kuchanganya ni lazima, kwa sababu nyuzi zenyewe ni fupi na telezi. Ukizisokota peke yake hazishikani.

Gome nalo lina nyuzi zake, ndefu na ngumu, zisizooza upesi majini. India na nchi za Sahel zilisokotea kamba na nyavu. Vijiti hukatwa, huanikwa juani siku kadhaa, kisha gome huchunwa kwa mkono na nyuzi kutenganishwa. Ni kazi ya subira na malipo yake madogo. Kamba ya nailoni imeishinda, na sioni aibu kulikiri hilo.

Kuhusu kupanda, maelezo ni mafupi kwa kuwa mti huu hauombi kitu. Mbegu mpya huota kwa wepesi katika mchanga wenye unyevu. Wanaopanda kwa ajili ya nyuzi huacha nafasi ya mita moja hadi moja na nusu kati ya mche na mche. Mzizi hushuka chini sana, na baada ya hapo hauhitaji kumwagiliwa. Ukiukata, huchipua tena kwenye kisiki. Huvumilia chumvi, upepo na mchanga uhamao.

Lakini sifa hizo hizo ndizo zinazonitia hofu, na ndiyo maana shauri langu ni hili: msipande, vuneni uliopo. Watu wa Garissa na Tana River hawahitaji kukumbushwa habari ya mathenge. Mti ule uliletwa kwa nia njema. Katika miaka ya 1980 ulipandwa huko Bura kwenye mradi wa unyunyizaji, upate kuwa kuni na kivuli. Leo umeziba njia za mifugo kuelekea mtoni, miiba yake yatoboa magurudumu na miguu, na huko Baringo wananchi walifika mahakamani na mbuzi aliyepoteza meno kwa kula maganda yake. Mpamba-mwitu nao umeonyesha tabia hiyo ugenini. Kaskazini mwa Australia umetapakaa kwenye mashamba makubwa ya ng'ombe, na yasemekana ulifika huko ndani ya matandiko ya ngamia, nyuzi zake zikiwa ndizo zilizojazwa humo. Mbegu moja ina kishungi chake cha kurukia. Haihitaji ruhusa ya mtu. Basi asipande mtu karibu na malisho, wala mtoni, wala karibu na madrasa na viwanja vya watoto. Ulioota nyuma ya ua wenye watoto wadogo, ung'oeni na mzizi wake, mkiwa mmevaa glavu au mifuko ya plastiki mikononi.

Lipo jambo dogo nalipenda kulitaja, halina faida ya pesa. Pinduani majani ya boc baada ya mvua. Huenda mkaona kiwavi mwenye pete za njano, nyeusi na nyeupe. Anakula sumu ile ile inayomfukuza mbuzi, naye huihifadhi mwilini, ili akigeuka kipepeo wa rangi ya machungwa ndege wamuonje mara moja na wasirudie. Waonyesheni watoto, kwa macho tu.

Katika nyumba ile niliyokaa alikuwepo ayeeyo, bibi wa familia, ambaye alinipa mto wa kulalia nikashangaa ulivyo mwepesi. Nilipomuuliza ndani mna nini, alicheka.

"Ni boc, binti yangu," akasema. "Ninyi watu wa Mombasa mna usufi, sisi tuna huu."

"Nao hauwashi, ayeeyo?"

"Maziwa yake ndiyo huwasha. Ukingoja tunda likauke lenyewe, maziwa huwa hayamo tena."

Akanieleza. Huchuma tunda linapogeuka rangi na kuanza kupasuka mshono, asubuhi mapema kabla upepo haujaamka. Hulitia katika neti kuukuu ya mbu, hufunga mdomo wa neti, na kuitundika kivulini siku tatu au nne, ili matunda yafunguke humo humo na nyuzi zisiruke. Kisha huingiza mikono ndani ya neti na kufikicha, mbegu nzito zikaanguka chini na nyuzi zikabaki juu. Mbegu huzichoma motoni. Hataki boc wengine uani kwake. Mto mmoja humla matunda mengi, hakuwahi kuyahesabu. Na alipomaliza kunieleza alimwita yule msichana mwenye jicho, akamwambia alete maji na sabuni, wakanawa wote wawili mpaka viwikoni kabla hajamruhusu kumpakata mdogo wake.